Jinsi ya Kusoma Biblia Moyo Unapokusuta: Mwongozo Kamili

Jumatano moja jioni, kwenye ibada ya jumuiya, dada mmoja wa makamo alisema ana miezi minane hajagusa chakula cha Bwana. Hakutengwa. Hakuna mzee wa kanisa aliyemwita. Alikuwa akisoma 1 Wakorintho 11 peke yake usiku, akafika pale pa kula na kunywa "isivyostahili", moyo ukamsuta, akafunga Biblia. Tangu hapo, Jumapili ya ushirika ikifika, anabaki kwenye benchi akijifanya anatafuta wimbo kitabuni. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Dada, huyo ni Roho anasema nawe." Tukaitikia amina. Mwongozaji wa somo siku ile nilikuwa mimi, na mimi pia niliitikia.

Nilishtuka nilipofika nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mstari wenyewe unasema nini.

Sisi Waprotestanti tumerithi mambo mawili ambayo hayaishi kwa amani siku zote: kwamba Andiko ndilo lenye neno la mwisho, na kwamba kila mtu atasimama mbele za Mungu na dhamiri yake mwenyewe. Katikati yake kuna kifua cha msomaji, na kifua hicho kina hofu, malezi, madeni, na ugomvi wa jana. Mwongozo huu ni wa anayesoma Biblia nyumbani au anayeandaa somo, akitaka kujua kinachonena ndani yake ni Andiko, ni dhamiri, au ni sauti ya shangazi aliyemlea. Nitautumia mstari wa yule dada mara kwa mara. Andaa daftari, kalamu, na Biblia za tafsiri mbili, mfano Union ya 1952 na Habari Njema.

Hatua ya 1: Andika kilicho kifuani kabla ya kufungua kitabu

Dakika tano zinatosha. Andika umelalaje, umegombana na nani, wiki hii unaogopa nini. Kisha andika: nataka mstari huu useme nini? Swali hilo la mwisho ndilo watu hulikwepa.

Wanasaikolojia wanaeleza kwamba mtu mwenye jibu mkononi huona haraka ushahidi wa kulitetea na kuuruka unaolipinga, wala hakusudii kudanganya. Wahenga walilijua hilo kabla ya vyuo vikuu: akipenda, chongo huita kengeza. Mimi naongeza kwamba mtu akiogopa, kengeza naye huitwa chongo. Anayependa mstari huulainisha, na anayeuogopa huufanya mkali kuliko alivyouacha mwandishi.

Mwaka mmoja niliandaa somo la Mathayo 18 wakati nina mzozo na jirani juu ya mpaka wa kiwanja. Baadaye nilipolisoma daftari nilijionea aibu. Aya za 15 hadi 17, za kumwonya ndugu aliyekukosa, zilikuwa na kurasa tatu za maelezo, na nilikuwa nimepigia mistari miwili chini ya "ukamwonye". Kusamehe sabini mara saba, pamoja na mfano wote wa mtumwa asiyesamehe, vilipata nusu mstari. Hakuna uongo hata mmoja kwenye kurasa zile tatu. Tatizo lilikuwa kile nilichokipa nafasi, na aliyegawa nafasi hakuwa Mathayo.

Hatua ya 2: Anza na sarufi, hisia zisubiri mlangoni

Hapa Martin Luther ndiye mwalimu, tena kwa njia ambayo wengi wanaomtaja hawaioni. Aliingia utawa wa Kiagustino huko Erfurt mwaka 1505. Aliishi kwa kanuni bila lawama, lakini dhamiri yake haikutulia, na mkuu wake Johann von Staupitz alilazimika kumsikiliza akiungama na kuungama tena. Mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa, alieleza kwamba alilichukia neno "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17, kwa kuwa alifundishwa kulielewa kama haki ambayo Mungu anayo na anaitumia kuwaadhibu wenye dhambi.

Kilichomfungua hakikuwa ndoto wala sauti. Alikaa na maneno yale mchana na usiku, mpaka akaangalia yameunganaje na yanayofuata: mwenye haki ataishi kwa imani. Akaona kwamba "haki ya Mungu" inaweza kuwa haki ambayo Mungu anampa mtu. Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Nikisema "picha ya Juma", hujui bado kama Juma ndiye mwenye picha, ndiye aliyeipiga, au ndiye anayeonekana ndani yake. Kiunganishi "ya" ni kidogo lakini kinabeba mizigo mingi, na mzigo upi unatakiwa utaujua kwa sentensi nzima. (Mtaani "haki ya Mungu" ni kiapo pia, lakini hicho tumwachie fundi anayeahidi kumaliza Ijumaa.)

Sasa tazama mpangilio wake. Dhamiri iliyoungua ilileta swali. Jibu lilitoka kwenye muundo wa sentensi. Faraja ilikuja baadaye. Na hata alipofarijika hakuishia hapo: alipitia kichwani sehemu nyingine za Maandiko, akaona "nguvu ya Mungu" na "hekima ya Mungu" nazo ni vitu ambavyo Mungu humpa mtu, kisha akamfungua Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, aone kama yuko peke yake. Anayesema "nimesikia amani, basi nimeelewa" anaupindua mpangilio huo.

Twende kwa yule dada. Soma kwa sauti sura yote kuanzia aya ya 17, si mstari mmoja. Halafu weka kidole kwenye neno "isivyostahili". Iko wapi ile -vyo-? Kila anayezungumza Kiswahili anajua kazi yake: inaonyesha jinsi jambo linavyofanyika. Paulo hakuandika "mtu asiyestahili akila". Kigiriki chake nacho kimetumia kielezi, kinachoeleza ulaji na si mlaji. Ulaji gani huo? Aya ya 21 imeshajibu: kila mmoja hutangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Yaelekea wenye nafasi walifika mapema na vikapu vyao. Waliochelewa kutoka kazini wakakuta makombo. Dawa imeandikwa aya ya 33, nayo ni ya kawaida kiasi cha kushangaza: mngojane.

Halafu kuna aya ya 28, ambayo nimeisikia ikikatwa katikati mara nyingi sana. Mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate". Kujihoji kunampeleka mtu mezani. Yule dada alijihoji akaishia kwenye benchi.

Onyo la sura hiyo tusilipunguze. Aya ya 30 inazungumzia wagonjwa na waliolala, na Paulo hatanii. Lakini onyo linamwendea anayekula huku akimdharau mwenzake. Haliwahusu waliotishwa na udhaifu wao wenyewe. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529 Luther anasema anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu". Wengi wetu tulikariri hayo tukiwa wanafunzi wa kipaimara, tukayasahau kabla viatu vya siku ile havijachakaa.

Hatua ya 3: Mwachie mwandishi moyo wake

Baada ya sarufi, jiulize mwandishi alikuwa na hali gani. Friedrich Schleiermacher, mchungaji na profesa wa Berlin aliyefariki 1834, alifundisha kwamba ufasiri una pande mbili, upande wa lugha na upande wa saikolojia: kuyaelewa maneno, na kumwelewa mtu ambaye maneno yale yalitoka katika fikra zake. Hakuna upande unaojitosheleza. Hilo ni kweli, lakini lina mtego wake. Ukishaanza kumtafuta mwandishi moyoni mwake, ni rahisi sana kujikuta unajitazama mwenyewe kwenye kioo.

Mfano mkubwa ni Warumi 7. "Lile nipendalo silitendi." Karne nyingi Mkristo wa Magharibi amesoma hapo shajara ya mtu anayeteswa na dhamiri. Mwaka 1963 Krister Stendahl, mwanazuoni wa Kilutheri kutoka Sweden ambaye baadaye alikuwa askofu wa Stockholm, alichapisha makala iliyowasha moto. Alisema tumempa Paulo dhamiri ya Luther. Paulo mwenyewe, anapoutazama upande wake wa zamani katika Wafilipi 3:6, anasema kwa haki ya sheria hakuwa na hatia. Huyo si mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya dhambi ndogondogo. Anapojilaumu, kama katika 1 Wakorintho 15:9, anataja jambo moja la wazi kabisa: aliliudhi kanisa. Na Warumi 7, ukiisoma kwa maswali yake yenyewe katika aya ya 7 na ya 13, inaitetea torati dhidi ya shutuma kwamba ndiyo yenye kosa.

Si wote waliokubali. Ernst Käsemann, Mlutheri mwenzake wa Ujerumani, alimjibu kwa ukali, akiogopa kwamba fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani linasukumwa pembeni. Kwa upande wangu, Stendahl yuko sahihi kuhusu Paulo, ila hilo halimnyang'anyi Luther faraja yake. Mtu anaweza kupata maji kwenye kisima kilichochimbwa kwa shida nyingine. Asichoweza kufanya ni kusema kisima kilichimbwa kwa ajili yake.

Kwa kazi yako ya daftari: gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika hali ya mwandishi ambayo andiko lenyewe limeitaja. Kulia andika unayoihisi wewe. Kitu kikihamia kushoto bila kuwa na aya ya kukithibitisha, kirudishe kulia.

Wala usimfanye mwandishi mgonjwa wa kliniki yako. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na madaktari walioandika kwamba Yesu alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 1913 Albert Schweitzer, ambaye mwaka huohuo alielekea Lambaréné huko Gabon, aliwajibu katika tasnifu yake ya udaktari wa tiba: ushahidi wanaoutumia hautoshi kumpima mtu, na sehemu kubwa yake wameisoma bila kujua historia ya maandishi yenyewe. Leo nasikia mahubiri yanayosema Eliya alikuwa na sonona na Sauli alikuwa na ugonjwa fulani wenye jina refu. Huenda. Ila Biblia haikuacha kipimo, na mgonjwa halisi yuko kwenye viti vya mbele anasikiliza.

Hatua ya 4: Mhoji shahidi

Sasa dhamiri yenyewe. Agano la Kale halina neno lake maalumu. Husema moyo tu, kama Daudi alipochomwa moyoni kwa kukata upindo wa vazi la Sauli. Paulo anatumia neno la Kigiriki ambalo sisi tumelitafsiri kwa neno lenye asili ya Kiarabu, dhamiri, kitu kilichofichika ndani. Katika Warumi 2:15 kazi yake ni kushuhudia, na mawazo "yakiwashitaki au kuwatetea". Ni lugha ya mahakamani, na dhamiri imekaa kwenye kizimba cha shahidi. Kiti cha hakimu si chake. Paulo anasema hivyo waziwazi katika 1 Wakorintho 4:4: hajui neno juu ya nafsi yake, lakini hilo halimhesabii haki, anayemhukumu ni Bwana. Yohana naye, kutoka upande wa pili, anasema mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu.

Kiswahili cha kila siku kinasema moyo "unanisuta". Anayewajua wanawake wa pwani anajua kusuta ni nini: mtu anafuatwa mlangoni, anatajiwa maneno yake mbele ya mashahidi, mchana kweupe. Inauma. Lakini wapo waliowahi kusutwa kwa maneno ambayo hawakuyasema. Msutaji anaweza kuwa na sauti kubwa na habari mbovu.

Namna ya kumhoji nimeipata kwa William Perkins, mhubiri wa Cambridge aliyeandika juu ya dhamiri mwaka 1596. Alisema dhamiri hupanga kesi ya mistari mitatu. Kwanza sheria: kila muuaji amelaaniwa. Pili tendo, linaloletwa na kumbukumbu: wewe ni muuaji. Tatu hukumu: basi umelaaniwa. Yote hupita kwa sekunde moja, ndiyo maana sisi huisikia hukumu tu, kama mtu aliyeingia mahakamani kesi ikiisha. Kazi yako ni kuirudisha kesi nyuma na kuiandika.

Ya yule dada ingeandikwa hivi. Sheria: asiyestahili akila, anakula hukumu. Tendo: mimi sistahili. Hukumu: nisile. Mstari wa pili ni kweli, na ungekuwa kweli kwa askofu pia. Uliooza ni ule wa kwanza, kwa kuwa andiko halisemi hivyo.

Badilisha mtu. Sheria: anayekula huku akimdhulumu mwenzake, anakula hukumu. Tendo: nimemnyima mdogo wangu sehemu yake ya shamba la baba. Hukumu: nisiende mezani hivihivi. Hapa hakuna mstari uliooza. Dhamiri inafanya kazi yake, na Mathayo 5:23-24 inakwambia uache sadaka ukapatane kwanza. Usimtafutie huyo mstari wa kumfariji. Anahitaji nauli ya kwenda kwa mdogo wake.

Hatua ya 5: Ukimya nao uuhoji

Hatua hii huchukiwa kwa sababu haina maumivu ya kuianzisha. Dhamiri iliyonyamaza haikwambii kwamba imenyamaza. Paulo anaitaja dhamiri iliyochomwa moto, ambayo haisikii tena.

Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi huko Cape, Afrika Kusini, ilijadili kama waumini weusi na wazungu washiriki pamoja ibada na meza ya Bwana. Uamuzi ulianza vizuri: ni jambo la kupendeza na la Kimaandiko kwamba waamini kutoka kwa "wapagani" wapokelewe katika sharika zilizopo. Halafu likaja "lakini". Pale ambapo hilo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, lingezuia kazi ya Kristo, washiriki hao wanaweza kutengewa jengo lao.

Sikia neno "udhaifu". Limechukuliwa pale Paulo anapowatetea wenye dhamiri dhaifu katika Warumi 14 na 1 Wakorintho 8. Kwa Paulo, aliye dhaifu ni mtu anayeogopa nyama ya sanamu, na mwenye nguvu ndiye anayejinyima. Huko Cape "aliye dhaifu" alikuwa mzungu asiyetaka kukaa na mtu mweusi, na aliyenyimwa ni mweusi. Mwaka 1881 likaundwa kanisa tofauti, na ubaguzi ulipokuwa sera ya serikali kuanzia 1948 theolojia ya kuubariki ilikuwa imeshaandaliwa. Ilichukua mpaka 1982 kwa kanisa lililotokana na mgawanyo ule kuandika rasimu ya Ungamo la Belhar, lililopitishwa 1986, kukataa kwamba mambo hayo ni injili.

Wale wajumbe wa 1857 huenda walilala usingizi mzuri usiku ule. Kwa hiyo hapa daftarini usiandike unavyojisikia. Andika: kwa tafsiri yangu hii, nani analipa? Yupo chumbani tunapoisoma? Kama hayupo, kipindi hakijaisha.

Hatua ya 6: Tofautisha dhamiri na wasiwasi

Wapo watu ambao shahidi wao hanyamazi kamwe. Wameungama, wamelipa, wameombewa, na asubuhi kesi inaanza upya. Waislamu wenzetu wana neno zuri, waswasi, kwa mtu anayerudia udhu mara tano akidhani hakunawa sawasawa. Kiswahili kimelipanua neno hilo likawa hofu ya aina yoyote, lakini maana ile ya mwanzo tunaihitaji sana makanisani.

John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria kutoka Elstow karibu na Bedford, Uingereza, aliyaandika mateso yake mwaka 1666 akiwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali. Wazo lilimng'ang'ania kwa siku nyingi: muuze Kristo, muuze. Alilikataa mpaka akachoka, na siku moja likapita moyoni mwake: basi aende akitaka. Mara akaangukiwa na Waebrania 12:16-17, habari za Esau aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula kimoja, kisha asipate nafasi ya kutubu ingawa alilia. Mstari ule ulimtesa kwa muda mrefu. Kila ahadi aliyoisoma, Esau aliingia akaifunika.

Alipopata nguvu kidogo kwa neno "neema yangu yakutosha", alifanya kitu ambacho mwenye hofu hakitaki: akaifuata ile mistari iliyomtisha, Waebrania 6, 10 na 12, akaikagua kwa utulivu. Akaona kwamba Esau hakupitiwa na wazo. Alifanya biashara, akala, akanywa, akaondoka, akaidharau. Tena miaka mingi baadaye, alipokutana na Yakobo katika Mwanzo 33:9, bado alisema anayo tele. Kulia alilia, lakini rudi Mwanzo 27 umwone: anamlilia baba yake ambariki. Katika Kigiriki cha Waebrania, kilichotafutwa kwa machozi kinaweza kuwa toba au baraka, sarufi inaruhusu vyote viwili, na hadithi yenyewe inaelekeza kwenye baraka. Hakuna hapo mtu anayemlilia Mungu amsamehe akafukuzwa.

Nimejifunza kwa Bunyan mambo matatu ya kutumia. Mstari unaokutisha usiukimbie. Uendee mchana, ukiwa umekula, pamoja na mtu mwingine. Pili, wazo lililopita kichwani si tendo lililokusudiwa. Tatu, angalia tabia ya sauti yenyewe. Dhamiri nzuri hutaja kosa kwa jina na kukuonyesha njia, ukishaifuata, hutulia. Wasiwasi hautaji kitu, au ukitaja na ukashughulikia, huhamia kwingine. Umelipa deni, sasa unauliza kama ulilipa kwa moyo safi. Umetubu, sasa unauliza kama ulitubu vya kutosha.

Ukiona mtu wa namna hiyo, kumpa mistari zaidi ni kumpa kuni. Kama halali usingizi, hali chakula, au anarudia maombi yaleyale mpaka kazi inasimama, aende kwa daktari wa afya ya akili. Upo ugonjwa wa mawazo yanayojirudia ambao hujivika nguo za dini, na una matibabu. Kwenda kwa daktari huyo si kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kama watu wanavyotaniana, na si upungufu wa imani. Mchungaji na daktari wanaweza kumsaidia mtu mmoja bila kugombania fito.

Hatua ya 7: Peleka kwa wengine, lakini usiwakabidhi

Afrika Mashariki tuna shule yetu ya jambo hili. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha ndugu "kutembea nuruni", kwa neno la 1 Yohana 1:7: unachosutwa nacho unakisema mbele ya ndugu, nao wanakusaidia kukipima. Nguvu ya hilo ilionekana Kenya ya kati miaka ya 1950. Ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kushika silaha za serikali, wengine waliuawa. Kusimama kati ya pande mbili zenye panga na bunduki hakutokani na hisia za usiku mmoja.

Udhaifu wake nimeuona kwa macho: baada ya muda dhambi za kuungama hupata orodha, na mgeni huanza kusutwa na vitu ambavyo hajawahi kuvisoma popote, mtindo wa nywele, kwa mfano. Hiyo dhamiri ameiazima.

Kwa hiyo peleka kesi yako ya mistari mitatu kwa watu wawili au watatu, na angalau mmoja asiwe wa rika lako wala kipato chako. Waulize mstari wa kwanza tu: je, andiko linasema hivi? Usiwaulize kama wewe ni mtu mzuri.

Na wakikosea? Mjini Worms, Ujerumani, tarehe 18 Aprili 1521, alipotakiwa avikane vitabu vyake, Luther alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, na kwamba kutenda kinyume cha dhamiri si salama wala si sawa. (Yale maneno "hapa nimesimama" yaliongezwa kwenye matoleo ya kuchapwa, hayamo katika kumbukumbu za kikao.) Mwendesha mashtaka akamjibu: weka dhamiri yako kando, Martin, kwa kuwa imekosea. Vijana wa leo humnukuu Luther kama mtetezi wa "moyo wangu unaniambia". Hakusema dhamiri yake iko huru. Alisema imefungwa, na akataja kilichoifunga. Alikuwa tayari kubadilika wakimwonyesha kwa Maandiko au kwa hoja zilizo wazi. Kama wewe hauko tayari kwa hayo, usijifananishe naye.

Hatua ya 8: Tenda kwa kiasi ulichoelewa

Paulo anasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Maana yake, usiivunje dhamiri yako hata kama unashuku imekosea, ifundishe kwanza. Wakati huohuo usiifanye sheria ya nyumba ya jirani. Ungamo la Westminster la 1646 linasema Mungu peke yake ndiye Bwana wa dhamiri, na makanisa ya Kipresbiteri yamelibeba neno hilo mpaka kwetu.

Kwenye ukoo wetu, mbuzi akichinjwa kwa ajili ya wazee waliotangulia, nyama hugawiwa wote. Binamu yangu mmoja hali, kwa kuwa aliwahi kushiriki tambiko zenyewe, na kwake harufu tu inamrudisha. Mimi najua nyama ni nyama. Nikimcheka, au nikimshawishi ale ili asionekane anaringa, 1 Wakorintho 8 inanihusu mimi kuliko yeye. Naye akisimama katikati ya ua kutangaza kwamba wote tunaokula tumeabudu mizimu, Warumi 14 inamhusu yeye. Siku hizi tukifika, huwa nakaa naye upande wa ndizi na maharage. Tunakula hizo.

Yule dada nilimrudia Jumatano iliyofuata. Tulisoma aya ya 17 hadi 34 kwa sauti, wote, tukasimama kwenye ile -vyo-, tukafika kwenye "mngojane". Niliomba radhi kwa ile amina. Alinyamaza kidogo, akachezea upindo wa kanga yake. Kisha akauliza kuhusu bibi mmoja wa mtaa wa pili aliyevunjika nyonga, ambaye hajafika kanisani tangu Pasaka: Jumapili ya ushirika, ni nani anayemletea?

Tulitazamana. Hakuwa na mtu.